Mama wa Mikono Minne

Nyaramba, Nyamira
Jumapili, 7 Januari 1968

Mama Nayna,

Ni mimi Bonareri, mama yake Drusilla, niliyekuja dukani kwako mwaka juzi na mkungu wa ndizi ukanikalisha kwenye kiti cha wateja. Nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la pili tu, kwa hivyo ukiona mstari umepanda mlima ufuate hivyo hivyo, utashuka upande wa pili. Naandika kwa mkono wangu kwa sababu neno hili sitaki mtu wa hapa aniandikie.

Kwanza, Drusilla anakula? Krismasi imepita hakuja. Nilimpikia chinsaga, zile mboga zetu chungu zinazolala kwenye maziwa mpaka uchungu utoke. Zimekaa chunguni siku tatu zikimngoja. Siku ya nne nikala mwenyewe.

Sasa neno lenyewe. Kabla ya Krismasi alinitumia zawadi kwa mkono wa Mwalimu Cleophas. Nilidhani ni kitambaa cha dukani kwenu. Kufungua, picha. Mwanamke mweusi kama tako la sufuria, nywele zimesimama, ulimi nje, kifua wazi, mikono mingi kama buibui. Miguuni ana ebitinge, zile pete za chuma ambazo sisi wa zamani tulivalishwa siku ya ndoa. Na uso wake, Mama Nayna, ni uso wangu. Hata hili kovu la juu ya jicho ameliweka.

Mwalimu anasema kwenye ukuta wa duka lenu kuna kalenda ya mwanamke kama huyo. Mimi silaumu dini ya mtu. Umekaa na mtoto wangu miaka mitatu na hajawahi kulalamika, ila kwamba pilipili yenu inachoma. Nauliza tu. Huyo wa kwenye kalenda ni nani, na uso wangu anautakia nini?

Nilimwambia Mwalimu amwambie Drusilla asikanyage hapa mpaka aache kuchora mashetani. Ilikuwa hasira ya dakika moja. Kama hayo maneno hayajamfikia, yazuie mlangoni.

Mimi,
Bonareri, mama yake Drusilla


Kisii mjini
20 Januari 1968

Mama Drusilla,

Barua imefika. Mimi herufi hizi nilijifunza kwenye vitabu vya Nayna, kwa hivyo tuko darasa moja.

Drusilla anakula. Juzi alikula chapati nne. Mume wangu Subhash akasema, "Huyu msichana ni tumbo lenye mikono." Drusilla akamjibu, "Na wewe ni mdomo wenye duka." Wakacheka wote.

Yule wa kalenda ni Mata Kali. Kaka yangu hututumia kalenda kutoka Baroda, kwetu India, kila mwaka. Si shetani. Ni mama. Amekuwa mweusi na wa kutisha kwa sababu adui amekuja, na watoto wako nyuma yake. Adui akiona ule ulimi anakimbia. Mtoto akiuona anajua mama amefika. Nyanya yangu alisema ulimi ule ni aibu. Vita vilipokwisha Kali alijiangalia, akaona alivyo mbele ya watu, akauma ulimi.

Drusilla huchora jioni tukishafunga duka. Anakwangua masizi kwenye chimni ya taa, anayachanganya na maji ya gundi, anachora kwa kidole na unyoya wa kuku kwenye karatasi za kufungia vitambaa. Amemchora Lakshmi, mungu wetu wa baraka, mweusi tii. Subhash akasema baraka ya namna hii itafukuza wateja. Amemchora mwanamke wa hadithi zenu anayekaa chini ya mto Gucha. Wote weusi, na wote wanaangalia kitu ambacho mimi sikioni.

Ile yako aliichora wiki sita. Aliponionyesha nilihesabu mikono. Maneno ya Mwalimu hayajafika, Mwalimu hajapita hapa. Lakini kila siku Drusilla anauliza kama kuna barua kutoka Nyaramba. Anataka kujua umeitundika wapi. Nimwambie nini?

Na mikono uliitazama vizuri?

Ramila


Nyaramba
Jumapili, 4 Februari 1968

Mama Nayna,

Mwambie picha ipo. Nimeiweka kwenye sanduku, chini ya nguo za Sabato, isiingie moshi.

Kuitundika siwezi, na nitakueleza, kwa sababu yeye mwenyewe anajua lakini wewe ni mgeni wa mambo yetu. Sisi tuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima, na ni aibu pia, zote mbili kwenye neno moja. Baba mkwe wangu haingii jikoni mwangu. Mimi sipiti mbele yake kama kichwa changu hakina kitambaa. Na mtoto haoni mwili wa mzazi wake, wala hautaji, wala mzazi hamwambii mtoto mambo ya mwili. Sasa huyu ananichora kifua wazi na kumpa mwalimu abebe. Karatasi ilikunjwa, ndiyo, lakini karatasi hukunjuka.

Utashangaa kwamba nakueleza wewe haya na siwezi kumwandikia yeye. Kwa Ekegusii hayatoki. Kiswahili ni cha kuazima, aibu yake si nzito.

Nilikwenda shuleni kwa Mwalimu nikamwomba ayameze yale maneno. Amesema ameyameza. Lakini mwalimu ni mtu wa kusema, ndiyo kazi yake.

Mikono sikuihesabu. Kwa nini unauliza?

Mwambie mvua ya Machi ikianza aje tupande mahindi. Mwambie kitanda chake hakijalaliwa na mtu. Baba yake, Ongeri, yuko Kericho kwenye mashamba ya chai, na nyumba hii mchana inasikika kila kitu, hata kuku akikanyaga jani. Mwambie hivyo, lakini usiseme nimesema.

Mimi,
Bonareri, mama yake Drusilla


Kisii mjini
11 Machi 1968

Mama Drusilla,

Ijumaa Mwalimu Cleophas alikuja kununua kitambaa cha suruali. Drusilla ndiye aliyempimia. Akamwuliza, "Mwalimu, Mama amesema ile picha ameiweka sandukuni. Umewahi kumwona akiitoa?"

Mwalimu akasema, "Sanduku gani? Si aliichoma siku ileile, mimi nimesimama mlangoni?"

Hakusema kwa ubaya. Alidhani mtoto anajua. Drusilla alimaliza kupima, akakata kitambaa sawasawa, akakunja, akampa. Akamsindikiza mpaka barazani. Jumamosi asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo. Amechukua chimni moja na manyoya yake. Tarsem, yule Singasinga mwenye lori, alimwona Suneka akiuliza njia ya Tabaka, kule wanakochonga mawe.

Nayna hajala tangu jana.

Uliniambia sanduku. Na mimi nikamwambia sanduku. Sasa tumemdanganya wote wawili, mmoja wetu bila kujua.

Ramila


Nyaramba
18 Machi 1968

Mama Nayna,

Niliichoma.

Ilikuwa hivi. Nimeifungua karatasi karibu na mafiga ili nione. Mwalimu yuko mlangoni. Huko uani nikasikia kikohozi cha baba mkwe, anapita kwenda zizini, na mlango uko wazi. Nikaona akigeuza shingo kidogo tu atauona mwili wangu kwenye karatasi. Mkono ukaisukuma motoni kabla sijafikiri. Sikuitazama mara mbili. Iliwaka haraka, maana ilikuwa ya masizi, na masizi hurudi kwa moto kama ng'ombe zizini.

Nilisema sanduku kwa sababu nilitaka iwe kweli. Usiku huo nililifungua lile sanduku kama mjinga nikapapasa chini ya nguo.

Sasa nakuomba, Mama Nayna. Ninyi mna gari. Nenda Tabaka umwone kwa macho. Kama amekonda, niambie amekonda, usinitie sukari. Mvua imeanza na mahindi nimepanda peke yangu, na mbegu za upande wake nimeziacha kwenye kibuyu.

Utauliza kwa nini siendi mwenyewe. Chai yangu inachumwa Jumatatu na Alhamisi. Ng'ombe anakaribia kuzaa. Tena kwetu mzazi hamfuati mtoto kumpigia magoti. Hizo si sababu, najua, hata mimi nikizisoma naona si sababu. Naogopa ataniangalia tu.

Mimi,
Bonareri, mama yake Drusilla


Kisii mjini
2 Juni 1968

Mama Drusilla,

Nimekwenda. Kaa chini usome hii.

Amekonda kidogo. Anakaa na mama mmoja mjane, Orpah, mtu mzuri. Huko wanaume wanachonga na wanawake wanasugua mawe kwa maji na msasa mpaka yalainike. Drusilla anasugua kama wengine. Lakini mchana wenzake wakienda kula, anachukua sahani ya jiwe iliyovunjika ukingo, ambayo mnunuzi ameikataa, anaipaka dawa nyeusi ya viatu, halafu anachora kwa ncha ya msumari. Msumari ukipita, weupe wa jiwe unatokea. Wanawake wake bado ni weusi, sasa wanatoka gizani kwa mstari mmoja mmoja.

Alinionyesha mke wa Lutu, yule wa Biblia yenu aliyegeuka kuutazama mji ukiungua akawa chumvi. Nikamwuliza, "Huyu mbona umemchora vizuri hivi? Si alikosa?"

Akasema, "Kanisani wanasema aligeuka kwa tamaa ya vyombo vyake. Mimi nasema kulikuwa na mtu wake ndani."

Kisha akaniuliza kama umewahi kuniambia habari za moto. Nikasema hapana. Akaniambia huku anasugua, hakuinua macho. Nakuandikia kama alivyosema.

"Nilikuwa na miaka minne. Wanadhani sikumbuki. Nyumba yetu ya nyasi ilishika moto mchana, Mama yuko kwenye shamba la wimbi. Tulikuwa wawili ndani, mimi na ndugu yangu Mogaka, yeye mdogo, ndiyo kwanza anakimbia. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Mama aliingia akavua shuka yake akanifunika, akanibeba, akatoka. Nilimtazama kutoka ndani ya shuka. Alikuwa mweusi wote, nywele zimesimama, ulimi nje kwa ajili ya moshi, kifua wazi mbele ya watu wote, babu akiwa pale, na zile pete zinalia miguuni. Nilijua sitakufa tena. Akaniweka chini akarudi. Paa likaanguka. Watu watano walimshika. Tangu siku hiyo jina la Mogaka halijatajwa nyumbani kwetu. Na mimi sikulitaja. Niliogopa nikilitaja, Mama ataniuliza kwa nini mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango."

Alikuwa amekwisha kumwona yule mwanamke wako wa kwenye picha miaka kumi na tatu kabla ya kuona kalenda yangu. Alipoingia dukani mara ya kwanza, akamwona Mata Kali ukutani, alisimama pale na begi lake mkononi. Nilidhani ameogopa. Kumbe alikuwa amemtambua mtu.

Sasa mikono. Ilikuwa minne. Miwili imembeba msichana. Miwili imembeba mvulana mdogo, anaonekana mgongo tu. Nilimwuliza Drusilla kwa nini minne. Akasema, "Mungu wenu anayo minne. Mama alikuwa na miwili. Nilimpa iliyopungua."

Nimeandika yote. Sikutia sukari.

Sisi tunaondoka mwezi wa kumi na moja. Ndugu yake Subhash yuko Leicester, Uingereza, anatuita, na duka hapa halitaendelea. Nitakuletea anwani kwa Mwalimu.

Ramila


Leicester, Uingereza
23 Februari 1969

Mama Drusilla,

Tangu barua yangu ya Juni hukujibu. Niliondoka Kisii bila neno lako. Labda nilikuumiza. Labda haikufika, na nimekaa huku nikiomba msamaha kwa barua iliyopotea.

Hapa ndizi zinauzwa moja moja, zimelazwa kwenye karatasi kama wagonjwa. Mvua haina saa. Kisii ilikuwa inakuja saa tisa mchana, mtu alijua lini aanue nguo. Hapa inakuja inavyotaka na hailoweshi vizuri, inakusumbua tu. Nimemtundika Mata Kali jikoni. Jirani alikuja kuomba chumvi, akamwona, akasahau chumvi.

Nayna anachora. Anachora msichana anayepima kitambaa, kila siku yule yule. Mimi naoka chapati na bado natoa nne za ziada.

Kama ulikwenda Tabaka, niambie. Kama hukwenda, niambie pia.

Ramila


Nyaramba
Jumapili, 12 Oktoba 1969

Mama Nayna,

Barua ya Juni ilifika. Niliisoma mara moja nikaikunja nikaiweka kwenye sanduku, hii ni kweli, iko chini ya nguo za Sabato. Halafu sikuweza kuandika. Kila nikishika kalamu naona yule mgongo mdogo. Nilikuwa nimemshika mkononi kwenye karatasi, Mama Nayna, na sikumwona. Nilimwona baba mkwe, nikaona kifua changu, na mwanangu nikamrudisha motoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilichuma chai mwaka mzima na maneno hayo. Nilidhani kumnyamazia ndiko kumlinda Drusilla, asijue kwamba kulikuwa na mwingine. Kumbe alikuwa amekaa na moto huo peke yake upande wa pili wa ukuta.

Mwezi uliopita niliamka asubuhi nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya ghala. Baada ya ule moto, watu wa kanisa ndio waliotujengea nyumba, na nilipobatizwa nilivua ebitinge nikazizika pale. Nilichimba mpaka zikatoka. Zimekula kutu lakini zipo. Nikazifunga kwenye leso. Mama mkwe akaniuliza naenda wapi siku ya kuchuma chai. Nikamwambia naenda kumwona mtoto. Akasema, "Wewe umechelewa." Akanipa ndizi mbivu za njiani.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye beseni la maji, mikono imekuwa myeupe kwa unga wa jiwe mpaka viwikoni. Akasema, "Mama." Nilikuwa nimepanga maneno tangu Nyaramba, yakaanguka yote. Nikamwuliza, "Unakula?"

Yule mjane Orpah akacheka mpaka akaweka jiwe chini. Akasema, "Mama yako ametoka huko kote kuuliza hilo?"

Drusilla akasema, "Ndilo analouliza siku zote, mama. Mengine yako ndani yake."

Nikachukua jiwe nikasugua pamoja nao mpaka jua likageuka. Wenzake walipokwenda nikafungua ile leso. Nikamwuliza, "Kwenye picha uliniweka ngapi miguuni?"

Akasema, "Tano tano."

"Zilikuwa tisa kila mguu. Unanichora nusu?"

Akazishika moja moja. Akazigonga moja kwa nyingine, zikalia, akafumba macho. Kisha akaingia ndani akatoa sahani nyeusi, kubwa, ukingo wake mzima, aliinunua mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa ameshachorwa. Kifua kimefunikwa na mtoto wa kike aliyebebwa pale, kwa hivyo hata baba mkwe akipita hakuna neno. Aliwaza hilo, Mama Nayna. Mikono miwili ilikuwa imembeba. Miwili ilikuwa imenyooshwa mbele, haina kitu.

Akasema, "Sura yake siikumbuki, Mama. Ndiyo maana nilimpa mgongo. Nimejaribu sana. Niambie."

Na mimi nikamwambia. Nilisema kwa lugha yetu, na yakatoka. Nikasema Mogaka. Miaka kumi na saba jina hilo halijapita mdomoni mwangu, na lilikuwa halijaharibika. Nikamwambia paji la uso ni la Ongeri, pana, la kuwekea mzigo. Akicheka jicho la kushoto linajifumba kwanza. Meno ya mbele mawili, na katikati pengo la kupitisha punje ya wimbi. Alikuwa na tabia ya kukushika sikio lako akiwa na usingizi, sikio lako si lake, na usiku ule wa mwisho alilala ameshika la Drusilla. Hapo Drusilla akauacha msumari. Nikamwambia, "Hakuna aliyekupeleka karibu na mlango. Mlango ndio ulikuwa karibu nawe. Chora."

Akachora. Nilishika taa.

Amesema atakuja nyumbani mvua ikipungua. Sikumwuliza mvua ipi. Kila jioni najikuta nimesimama uani natazama mawingu ya upande wa Tabaka, na zile mbegu bado ziko kwenye kibuyu.

Mwaka jana uliniuliza nimeitundika wapi, nikakudanganya. Sasa nakujibu. Sahani iko ukutani, ndani, karibu na mlango. Wote wawili wako karibu na mlango.

Masikio ya Mogaka yalitoka makubwa kidogo. Jiwe halifutiki. Drusilla alisikitika, akataka kuanza sahani nyingine. Nikamwambia aache hivyo hivyo, mtoto angekua yangemtosha.

Mimi,
Bonareri, mama yake Drusilla na Mogaka